Kombora la Kusomea

Ndugu yangu mdogo alikuwa akiniita kombora la zamani. Jina hilo nililipata jikoni kwa mama yetu, kule mtaani Bahati, siku niliyofika kutoka kwangu Bondeni na taa ya sola niliyouziwa na mchuuzi. Taa iliwaka mkononi mwa mchuuzi, ikakataa kuwaka mbele ya mama. Ndugu yangu alicheka mpaka akaweka chini hindi alilokuwa akichoma.

Alikuwa fundi wa silaha katika jeshi la wanahewa hadi alipostaafu. Kazi yake ilikuwa kukagua makombora na kuyafunga chini ya mabawa ya ndege za kivita, yale ambayo ndege hurushia ndege nyingine. Mimi niliishia darasa la nane, lakini alikuwa na subira ya kunieleza.

"Sikiza, dada. La zamani lilifuata joto tu. Rubani alilazimika kwanza aende nyuma ya adui, pale injini inapotoa moto, ndipo lione. Na adui akijua linakuja, anatupa vimoto hewani. Kombora linaacha ndege, linafuata vimoto. Sasa hilo ndilo wewe. Mtu akiwasha kibiriti Bondeni, umeshafika."

"Na la siku hizi?"

"La siku hizi halidanganywi ovyo. Linaona umbo. Linajua hii ni ndege, ule ni moto tu. Rubani hahitaji hata kwenda nyuma. Anageuza shingo, anatazama, na kofia yake inalionyesha kombora pa kutazama. Halafu kuna yale ya mbali, yenye rada puani. Hayo rubani anarushia kitu ambacho macho yake hayajakiona."

Kuku wa mama alikuwa mlangoni. Ndugu yangu akachukua gunzi akamrushia. Kuku alikimbia, gunzi likaanguka katikati ya uwanja.

"Umeona? Injini ya kombora inawaka kwa sekunde chache tu. Baada ya hapo linakwenda kwa nguvu ya kurushwa, kama hilo gunzi. Ukirushia mbali mno, na yule mwingine ageuke akimbie, linachoka. Ndiyo maana mapya yanawekewa baruti ya akiba, ya kuwashwa mwishoni."

Mama alikuwa akimenya viazi. Hakuinua macho.

"Na ndani ya hiyo ndege kuna nani?"

"Mama, hili linapiga ndege. Halipigi watu."

"Nimekuuliza ndani kuna nani."

Akauma hindi lake. Alipomeza alisema makombora mengi aliyoyashika maishani yalikuwa ya kusomea tu, yasiyolipuka, na ya kusomea hupakwa buluu. "Ukiona mstari wa njano na wa kahawia, hilo lina baruti. Usiliegemee." Mama akasema yeye hana mpango wa kuegemea lolote.

Baada ya kustaafu alikodi shamba Rongai akapanda mahindi. Msimu wa kwanza mvua ilikatika mahindi yakiwa magotini. Wa pili alivuna, lakini nilimwona akikaa juu ya magunia yake kama mtu anayesubiri kuitwa. Mikono yake ilizoea vitu vinavyotaka uangalifu. Hakuwa na mke wala mtoto. Alikuwa na sisi wawili, na rafiki mmoja waliyekuwa naye jeshini, ambaye sasa alikuwa mzee wa kanisa letu.

Rafiki huyo ndiye aliyeleta habari ya kazi. Kulikuwa na nchi ya baridi iliyokuwa vitani, na ilitafuta mafundi wa zamani wa kufundisha vijana wake. Alikuja Bahati, akanywa chai, akamwekea mama mkono begani.

"Mathe, ni darasa. Ubao na chaki. Vita viko mbali na huko."

"Ni yale ya buluu, mama," ndugu yangu akaongeza.

Ndugu yangu alipiga magoti, mama akamwombea, mkono wake kichwani mwa mwanawe. Nami nilisema amina.

Baada ya yeye kuondoka, picha yake ilikuja kupitia kwa huyo rafiki, kwa sababu alisema simu za kule zinasumbua. Ilikuwa ya kichwa na mabega tu, ndugu yangu amevaa kofia ya manyoya, anatabasamu. Mama aliiweka kwenye fremu, na kila mgeni alionyeshwa. Mwalimu, alikuwa akisema. Mwanangu ni mwalimu sasa.

Habari ya kifo ililetwa na mtu yule yule. Uwanja wa ndege alikokuwa ulikuwa umepigwa, na hakukuwa na mwili wa kurudishwa. Majirani wakaanza kuja kila jioni kwa maombi, kamati ya mazishi ikaundwa, na mwenyekiti akawa huyo rafiki, maana nani mwingine alimjua marehemu hivyo? Mama alisema hawezi kuzika hewa. Ikakubaliwa kwamba tutazika jeneza lenye ovaroli yake ya jeshini na viatu vyake.

Mwenyekiti ndiye aliyetuma picha ya bango la mazishi kwa duka la kuchapisha pale mjini. Kwa kuwa nakaa karibu, nikatumwa kulichukua. Kijana wa duka alilikunjua sakafuni.

"Mathe, cheki kama rangi ziko poa. Ile picha mzee alituma kwanza nikiikuza inajaa chenga. Nikamwambia anitumie yenyewe, haijakatwa. Alisema niikate mabegani, lakini nikaona nzima inabamba zaidi. Hii imetoka safi, ama?"

Ilikuwa imetoka safi. Kofia ile ile, tabasamu lile lile, lakini sasa ndugu yangu alikuwa mzima mpaka miguuni. Alisimama juu ya theluji chini ya bawa la ndege, mkono wake umelala juu ya kombora jeupe. Karibu na mkono wake kombora lilikuwa limezungukwa na mstari wa njano, na nyuma zaidi mstari wa kahawia.

Nililikunja bango mwenyewe.

Mwenyekiti nilimkuta Bahati akielekeza vijana mahali pa kusimamisha hema. Nilimwita kando ya tangi la maji, nikamfunulia upande wa chini.

"Hii picha alikutumia lini?"

"Hiyo? Ni ya siku za kwanza kwanza. Hilo ni la kusomea, dada."

"La kusomea ni la buluu."

Alitazama wale vijana wa hema. Akavua kofia, akaivaa tena.

"Mbona uliikata picha?" nikamuuliza.

"Yeye ndiye aliyeniambia niikate. Dada, alijua. Alijua kabla ya kupanda ndege. Alisema mama asisikie kitu, na kuhusu wewe akasema..." Akasita.

"Sema."

"Alisema, dada yangu mwambie ni darasa, ataamini."

Nilimuuliza yeye alipata nini katika hayo. Alisema viti vimefika, akaenda kuvipokea.

Siku ya mazishi mimi ndiye niliyepewa kusoma historia ya marehemu. Mwenyekiti alikuwa ameiandika, na bango lilikuwa nyuma yangu kwa sababu mama alilitaka. Alisema ni mara ya kwanza kumwona mwanawe akiwa mzima tangu aondoke. Nilisoma alikozaliwa, nikasoma shule, nikasoma jeshi. Nilipofika penye neno kufundisha, nilinyamaza. Watu wakadhani nimezidiwa, mama mmoja akaanza wimbo. Nilingoja amalize ubeti.

"Hakwenda kufundisha," nikasema. "Alikuwa akifunga makombora yenye baruti kwenye ndege zilizokuwa zikienda vitani. Mwenyekiti alijua. Sisi tuliambiwa ni darasa."

Mwenyekiti aliangalia viatu vyake, kisha akasimama akaomba, na sala yake ilikuwa nzuri kama siku zote. Tukazika ovaroli. Watu wakala wali.

Walipoondoka, mama alikuwa bado ameketi mbele ya bango. Nje mwenyekiti alikuwa akihesabu viti vinavyopakiwa.

"Ile mistari," mama akasema. "Alituambia pale jikoni."

"Alituambia."

"Yeye alijua anapokwenda?"

Nilikuwa na jibu jingine tayari. Aliyetudanganya alikuwa pale nje, na ningeweza kumtwika yote, na mama angelala akiwa na mtoto aliyedanganywa. Lakini mama alikuwa ananitazama.

"Alijua, mama."

Aliligeukia bango. "Kwa hivyo nilimwekea mkono kichwani, na yeye anajua."

Alichukua ile fremu yenye kichwa na mabega, akaipangusa kwa ncha ya leso, akanipa. "Iweke kwako."

Iko kwangu Bondeni. Siku nyingine naielekeza ukutani. Siku nyingine naigeuza, na yeye anatabasamu kama siku ile ya taa.