Clotilde Ampeleka Baba Yake Uswisi

Clotilde Vuillemin alikuwa dereva wa basi la wanafunzi milimani Jura, karibu na mpaka wa Uswisi, kwa miaka ishirini na sita, na hakuwahi kupata ajali. Lakini siku ilipofika barua kutoka Uswisi, ikitaja siku ya miadi kuwa Alhamisi tarehe tisa, alipita kituo bila kusimama.

Barua iliandikiwa baba yake, mzee Ambroise, fundi wa kukomaza jibini. Sasa ugonjwa ulikuwa unamla misuli. Ulianza vidoleni, ukapanda mabegani, na majira ya baridi yale ukafika kooni. Kila kijiko cha supu kilimpalia mpaka akawa wa buluu. Madaktari wa kwao walifungwa mikono na sheria. Ng'ambo ya mpaka, mgonjwa aliruhusiwa kusaidiwa kufa.

Cyrille, mdogo wake Clotilde, aling'aka kwenye simu. "Ukimpeleka, mimi dada sina!"

"Basi njoo umlishe wewe, hata siku moja tu."

Cyrille akakata simu.

Jumatano jioni, akidhani baba amelala, Clotilde alijifungia jikoni akawapigia polisi. Hakutaja jina. Alisema tu kwamba kwa akina Vuillemin kuna mzee anapelekwa kufa. Kisha akakaa kwenye kiti, akijiona msaliti, na huku akiomba waje mapema.

Walikuja wawili, saa moja asubuhi, mzee akiwa tayari amevalishwa koti.

"Mzee, tumeambiwa unapelekwa kufa. Unalazimishwa?"

Ambroise aliyavuta maneno moja moja. "Na nani? Huyu? Huyu hata paka hawezi kumfukuza mezani."

Polisi mmoja alicheka. Mwenzake hakucheka. Alimkazia macho Clotilde. "Mama, ukirudi unaweza kuitwa kuhojiwa. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

Wakaondoka. Clotilde akabaki ameshika kitasa, hana tena wa kumzuia.

Njia nzima ilikuwa ukungu. Walipokaribia mpaka ndipo baba aliposema, "Ni wewe uliyepiga."

"Ndiyo, baba."

"Nilikusikia. Ukuta ule ni mbao tupu."

"Mbona hukunigombeza?"

"Ningekuwa wewe, ningepiga mapema zaidi." Akahema. "Haya, niulize mwenyewe. Ulichotaka waniulize."

Clotilde akasimamisha gari kando ya barabara. "Unaogopa, baba?"

"Sana."

"Basi turudi."

"Ile supu naiogopa zaidi. Twende, mwanangu."

Huko Basel, Uswisi, waliingizwa kwenye chumba chenye kitanda na pazia la kijani. Daktari, mama wa makamo, alimuuliza Ambroise mara tatu kama anajua dawa ile itamfanya nini. Mara zote tatu alijibu anajua. Akatazama mlango. "Cyrille hajafika?"

"Bado, baba."

Walingoja saa nzima. Kisha, kwa kidole kimoja kilichokuwa bado kinamtii, akafungua mwenyewe mrija wa dawa uliochomekwa mkononi mwake. Clotilde aliushika mkono wake mwingine. Ulilegea kabla Clotilde hajamaliza kumwambia alichotaka kumwambia.

Alitoka nje akampigia simu mdogo wake. Ilipokelewa papo hapo.

"Amekwenda," alisema Clotilde.

Clotilde alisikia malori yakipita, na pumzi za mtu anayelia huku amefunga mdomo.

"Cyrille, uko wapi?"

"Mpakani," alisema. "Niko hapa mpakani tangu saa nne. Nilishindwa kuvuka."