Tulipokata Kihenge cha Mama Restituta

Nakumbuka asubuhi moja ya mwezi wa saba, baridi ya Ufipa ikiuma mpaka mifupani, mama mmoja alipoingia kwenye bwalo la chuo chetu na mfuko wa unga kichwani. Alisimama katikati ya picha tulizokuwa tumetundika ukutani, akauliza kwa sauti iliyonyamazisha watu wote: "Ni nani kati yenu aliyewaambia wageni kwamba mimi nakufa njaa?"

Aliyewaambia nilikuwa mimi, mwanangu. Nilikuwa na miaka ishirini, nasomea ualimu hapa Sumbawanga, na nilijiona nina akili kuliko kijiji kizima.

Sikuwa na nia ya kuisimulia habari hii. Ni aibu, na mzee naye ana haki ya kuficha aibu zake. Lakini juzi mjukuu wangu alikuja hapa kwangu Chanji na wenzake watatu wa chuo. Watoto wana adabu, kila mmoja "shikamoo bibi", nikawapa chai na viazi vitamu. Wakaniambia wanaandaa maonesho ya picha, wakaanza kunionesha kwenye simu. Nikafurahi. Halafu wakafika kwenye picha ya mzee mvuvi wa Kabwe, kule ziwani, amekaa mchangani na nyavu zake, kichwa ameinamisha. Chini wameandika: "Waliosahauliwa."

"Anaitwa nani huyu?" nikauliza.

Wakatazamana. Mmoja akacheka kidogo. "Bibi, jina siyo ishu. Watu wanataka hisia."

"Na amesahauliwa na nani? Aliwaambia yeye?"

Mzee wa watu alikuwa anatafuta tundu kwenye wavu wake, ndiyo maana aliinama! Mwanangu, nilisimama nikawarudishia simu yao. Nina hasira mpaka sasa ninapokuandikia, na sitaificha, kwa sababu nusu ya hasira hiyo ni yangu mwenyewe.

Basi sikiliza. Chuoni tulikuwa wanafunzi watano tuliopenda picha. Mwalimu wetu wa sanaa alikuwa na kamera moja ya filamu, akatuazima kwa zamu. Stoo ndogo nyuma ya maktaba tuliigeuza chumba cha giza, humo tukajifunza kusafisha picha wenyewe. Mkuu wa chuo akaturuhusu kufanya maonesho bwaloni kwa wiki mbili, na wageni wangealikwa. Tukakubaliana kichwa cha maonesho kiwe "Ufipa Yetu". Kiongozi wetu alikuwa Deo, kijana mwenye maneno matamu kama asali, na alikuwa amesikia kwamba mgeni rasmi ana uwezo wa kukipatia chuo kamera mpya.

Zamu yangu ilipofika nilikwenda kijiji kimoja, mwendo wa saa mbili kwa miguu. Njaa na baridi vilinikuta kwenye uwanja wa Mama Restituta. Alikuwa mjane wa miaka hamsini hivi, mikono yake migumu kama mpini wa jembe. Hakuniuliza natoka ukoo gani wala dini gani. Alisonga ugali wa ulezi, akaleta samaki, migebuka iliyopandishwa kutoka ziwani, akakaa nami mpaka nikashiba. Nilipomwomba nimpige picha alicheka kama msichana.

"Ngoja nivae kitenge changu kizuri," alisema.

"Hapana mama, hivyo hivyo ulivyo."

Akajitazama. Nguo ya shamba, imechanika begani, vumbi la kupura ulezi limemjaa mpaka kwenye nyusi. Akakubali, lakini kwa sharti moja.

"Nipige mbele ya kihenge changu. Marehemu alipofariki watu walisema nitakula kwa majirani. Hiki nimekisuka kwa mikono yangu, na mwaka huu kimejaa ulezi mpaka kwenye kifuniko. Mwaka jana majirani ndio waliokula kwangu. Kionekane."

Nikampiga. Na kihenge kilionekana, mwanangu, kikubwa, cha mviringo, kimesimama nyuma yake kama ndugu mkubwa.

Niliposafisha picha ile Deo aliishika, akaitazama kwa muda mrefu. "Uso huu una kitu," alisema. "Lakini hicho kihenge kinaharibu. Mgeni akiona chakula atatikisika vipi?"

Wenzetu watatu waliangalia chini. Na mimi, niliyekula ugali wa mama yule, nilifanya nini? Nilirudi chumba cha giza, nikaisafisha upya, nikamkata Mama Restituta kuanzia kifuani kwenda juu, kihenge chote nje. Ukabaki uso wenye vumbi na bega lililochanika. Kisha nikachukua kalamu, na kwa mwandiko wangu mzuri wa ualimu nikaandika: "Njaa." Fadhila ya punda ni mateke, walisema wahenga, lakini punda ana udhuru wake, hakusoma.

Siku ya ufunguzi picha ile ilikusanya watu kuliko zote. Mama mmoja mgeni alifuta machozi. Mgeni rasmi alisimama mbele yake, akatikisa kichwa, akasema vijana hawa wana macho, na kwamba siku ya kufunga atakuja na kamera tatu. Walipouliza mama huyu anaishi wapi, niliwaelekeza, tena kwa fahari. Nilidhani wanataka kumpongeza!

Wiki iliyofuata ndipo alipoingia na mfuko ule kichwani.

Aliushusha sakafuni. Juu ya unga kulikuwa na furushi la nguo kuukuu. "Wamekuja na Landrova," alisema. "Wamepiga honi mpaka kijiji kizima kikatoka. Wamenisimamisha mbele ya mlango wangu, mbele ya watu ninaowakopesha mbegu, wakanikabidhi unga huu na kuwaomba majirani wanihurumie. Watoto wamenicheka. Shemeji yangu ameuliza kama nimeanza kuombaomba mjini. Nimetembea saa mbili niione hiyo njaa yangu."

Akaipata ukutani. Akaisogelea. Hakupiga kelele. Alinyoosha kidole, akapapasa pembeni mwa picha, mahali ilipoishia, kama anayetafuta mtu nyuma ya pazia.

Deo akaja mbio. "Mama, tusamehe sana, lakini hii ni sanaa tu. Haimaanishi wewe hasa."

"Uso ni wa nani?"

Deo akanyoosha mkono kwenye picha. "Basi tutaitoa sasa hivi."

"Usiiguse!" Hapo ndipo sauti yake ilipopanda. "Waliokuja kuniona nikifa njaa waje pia wanione nikiwa mzima. Sitaki uitoe. Rudisheni kihenge changu." Kisha akanigeukia mimi, na maneno haya aliyasema kwa Kifipa, taratibu, ili nisiseme sikuelewa: nilikulisha, ukaenda kusema sina chakula.

Akaondoka. Unga na nguo aliviacha sakafuni.

Ungedhani nilikimbilia chumba cha giza saa ile ile. Hapana, na hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Nilikaa siku mbili nzima kimya. Deo alituita akasema tukibadilisha picha tutaonekana waongo, na kamera tutazikosa. Tusubiri tu siku ya kufunga ipite. Nikatikisa kichwa kukubali. Nilijiambia mama yule keshasahau, watu wa kijijini husahau. Unasikia dharau hiyo? Ndiyo hiyo hiyo niliyoisikia juzi sebuleni kwangu, imevaa nguo mpya.

Asubuhi ya siku ya kufunga nilishindwa kunywa uji. Bakuli lilinitazama. Nikamwomba mwalimu wetu ufunguo, nikaisafisha picha yote, bila kukata hata unywele. Niliitundika mahali pa ile ya kwanza, na chini nikaandika: "Mama Restituta mbele ya kihenge alichokisuka mwenyewe. Picha ya kwanza ilikatwa kwa makusudi. Aliyeikata ni mimi." Nikaweka jina langu kamili.

Mgeni rasmi aliisoma. Akaisoma tena. Uso wake ukawa kama mlango uliofungwa. Hakututukana, alimuaga mkuu wa chuo, akaingia garini, na zile kamera hazikushuka. Mkuu wa chuo aliniita ofisini, nikaadhibiwa kufyeka uwanja kwa mwezi mzima. Deo aliniambia mbele ya wenzangu, "Umetuvunja wote kwa ajili ya kihenge," na hakunisemesha tena mpaka tulipohitimu. Wale wengine watatu walimfuata. Sikumlaumu mtu. Majuto ni mjukuu, na wangu nilimbeba mwenyewe mgongoni.

Jumapili baada ya misa nilikwenda kijijini na picha ile nzima. Nilipiga magoti uwanjani nikaomba radhi. Mama Restituta aliipokea kwa mikono miwili, akaitazama sana, akawaita majirani wawili waje waione. Kisha akaniambia, "Sasa nimejiona. Asante kwa kuja, mwanangu. Urudi salama, jua linaelekea kuchwa." Hakunikaribisha ndani. Chungu kilikuwa jikoni, nilisikia harufu ya maharage, na nilijua sitakula tena katika nyumba ile. Alinisamehe, naamini hivyo. Lakini msamaha ni jambo moja na kukaribishwa ni jingine. Maji yakimwagika hayazoleki.

Sasa nakusihi, mwanangu, wewe mwenye kamera mfukoni kila saa. Fanya maonesho, pangeni na wenzako, gombaneni hata, lakini msigombanie machozi ya mtu asiyekuwepo kwenye kikao chenu. Kabla hujatundika uso wa mtu, ujue jina lake. Maandishi utakayoweka chini ya picha yake, msomee yeye kwanza, ukimtazama machoni. Yakikwama kooni, yafute. Ukiona wenzako wanakata ukweli ili wapendeze kwa wageni, usisubiri siku mbili kama mimi. Sema palepale, hata ukibaki peke yako. Na usidhani mtu akivaa nguo iliyochanika basi hana heshima ya kuchanwa.

Mungu akupe jicho linaloona na moyo unaoona zaidi ya jicho. Akupe marafiki wa kukukataza. Kila mlango utakaogonga na kamera yako ufunguliwe, na siku utakaporudi kwenye mlango huo, mwenye nyumba akuone kwa mbali na aanze kukuandalia chakula. Amina.