Babu Alipocheka na Majambazi

Nakumbuka Jumamosi moja ya jua kali pale mtaani kwetu Ngamiani, mwanangu. Usinicheke kukuita mwanangu. Mimi niko kidato cha tatu, wewe ndiyo kwanza umeingia cha kwanza, na asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Baada ya ule uhaba, maduka yalikuwa yameanza kuona sabuni tena, na mjomba akarudi kutoka Mombasa na deki ya video. Akatuwekea kanda sebuleni. Kanda gani ile! Majambazi wanne wanamzika mwenzao huku wanawindwa. Sisi humjua steringi, shujaa wa filamu, mapema: ndiye asiyekufa. Pale wote wanne walikuwa masteringi! Mmoja wao, bibi kizee, anafuta bastola kwa leso, unaogopa na kucheka kwa pumzi moja. Na mwenzao mmoja mnene, akinyanyua nyusi tu, sisi hoi.

Basi mnene analia juu ya jeneza, huku anamvua maiti viatu kwa siri. Tukaangua kicheko. Mlango ukafunguka: babu. Alishaapa, akikuta upuuzi, deki inarudi Mombasa.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Mnamcheka maiti?"

Mkono wa mjomba ulishafika kwenye swichi. Nikajitosa: "Babu, yule ni mtani wake."

Babu ni Mbondei, na kwao Muheza ndiye hulala njiani kuzuia jeneza la mtani, akiiga kikohozi cha marehemu mpaka wajane wacheke. Akasogea kwenye kioo cha televisheni.

"Mtani gani anavua kwa kujificha? Angedai na soksi!"

Na kweli, mnene akarudia soksi. Babu akajipiga paja. "Huyu kafundwa!" Akaketi, akamsukuma mjomba pembeni.

Karibu na mwisho mnene akapigwa risasi. Wenzake wakakimbia. Babu akavua kofia.

"Masikini, kafa mtani, hana wa kumtania."

Akasimama mbele ya deki, na kanzu yake, akatoa tumbo, akanyanyua nyusi, akatembea kama mnene. Mwanangu, nilicheka huku machozi yananitoka, na sikujua yalikuwa ya nini.

Deki ikabaki.

Nasaha yangu ndiyo hii: ukipata kanda inayokuchekesha penye kifo, usione haya, na usimtazame mwenye bunduki peke yake. Cheka, lakini mtu akifa, muone kuwa amekufa. Kicheko na kilio ni majirani, hukopeshana chumvi.

Nenda, Mungu akujaalie wengi wa kukulilia, na japo mmoja wa kukuiga.