Siku Walipombadilisha Steringi

Banda la video la Bonga lilikuwa na harufu yake, na aliyewahi kuingia hawezi kuichanganya na nyingine: gunia lililoloweshwa maji na kuning'inizwa mlangoni ili kuzuia mwanga, karanga za kukaanga, miguu ya watoto waliokuja moja kwa moja kutoka shambani bila kunawa, na ile runinga ya chogo iliyokuwa imechemka tangu asubuhi. Kabla picha haijaanza ulisikia mtu akipuliza kipaza sauti, fuu, fuu, kisha sauti ya kaka yangu Daudi ikajaa banda zima: "Oya, mlio mbele kaeni chini, mnawaziba wenzenu!" Tulikaa. Hata vijana waliomzidi umri walikaa, kwa sababu bila Daudi katuni ile ilikuwa midomo inayochezacheza kwa Kijapani tu. Mwenye banda, Bwana Sefu, alikuwa amempa kazi ya kutusomea kwa Kiswahili yale maandishi ya Kiingereza yanayopita chini ya picha. Daudi alikuwa kidato cha pili, na Kiingereza chake kilikuwa cha kuokoteza. Nilipokuja kukijua mwenyewe ukubwani, niligundua kwamba karibu nusu ya aliyotusimulia hayakuwemo kabisa. Wala sikumlaumu, maana hadi leo sijasikia tafsiri tamu kama ile.

Katuni yenyewe ilihusu mvulana mwenye mwavuli mwekundu, aliyekuwa akizunguka dunia kutafuta kijiji chao kilichochukuliwa na upepo. Katika kila sehemu ya katuni alifika kijiji fulani, akakuta matatizo, akayatatua, kisha akagundua kwamba hicho sicho kijiji chao, akafungua mwavuli akaendelea na safari. Sehemu zilikuwa hazihesabiki. Bwana Sefu alizileta kutoka Arusha ndani ya mfuko wa nailoni, na kila mfuko ulipoisha ukaja mwingine. Mdomoni mwa Daudi vijiji vile viligeuka kuwa vya jirani zetu, Magugu, Galapo na Dareda. Majitu ya mtoni yakawa viboko wa ziwani kwetu. Na mvulana yule wa Kijapani alikuwa na adabu kuliko sisi sote, maana kila mzee aliyekutana naye alimwamkia shikamoo. Kulikuwa pia na bibi kizee mmoja aliyemkaribisha karibu kila kijiji, na Daudi alimtolea sauti nyembamba ya puani iliyotuvunja mbavu. Watoto wa Bonga nzima waliigiza sauti ile, lakini hakuna aliyeipata kama yeye.

Tulichogombania ni kwamba yule mvulana hakukua. Sisi tulirefuka, kaptula zikatubana, sauti zikaanza kukwaruza, yeye akabaki vilevile na mwavuli wake. Bombani, ndoo zikiwa kwenye foleni, ndipo mjadala ulipowaka: je, steringi, yaani yule mhusika mkuu, abadilishwe au asibadilishwe? Wengine walisema apewe mwavuli yule binti mdogo aliyekuwa akimfuata nyuma, naye ajaribu bahati yake. Daudi alikuwa na msimamo mmoja tu. "Steringi anaweza kupigwa," alisema, "anaweza kupotea, anaweza hata kufungwa. Lakini habadilishwi." Mimi nilikuwa mbishi wa kuzaliwa, na zaidi ya hapo nilikuwa mdogo wake, na mdogo mtu hukosa usingizi asipompinga kaka yake. Nikasimama juu ya ndoo nikatangaza kwamba mtu aliyetafuta kijiji miaka yote hiyo asikione amechoka, awapishe wengine. Watu walicheka, na Daudi mwenyewe alicheka kuliko wote.

Nyumbani mama yetu aliitwa Mama Daudi. Jina lake la kuzaliwa nililisikia kwa nadra sana, kanisani au bibi alipokuja kututembelea kutoka Mutuka, na kila nilipolisikia niliona kama anatajwa mtu mwingine. Kwetu mwanamke akishajifungua mtoto wa kwanza, jina hilo humvaa hadi kaburini, na wengine wote tunaofuata tunabaki kuwa wadogo zake Daudi. Sikuona ubaya wowote. Baba naye alikuwa Baba Daudi, fundi baiskeli karibu na stendi na mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache ambaye akishasema jambo halirudi nyuma. Ndipo siku moja mwalimu wa Daudi alipoleta baiskeli yake izibwe pancha, akamuuliza baba kama kijana wake amepona. Baba akauliza amepona nini. Kumbe Daudi alikuwa na muda mrefu hajakanyaga darasani. Mchana kutwa alikuwa bandani, na kipaza sauti mkononi.

Baba alikuja bandani palepale, mikono bado ina grisi. Alifunua gunia la mlangoni, jua likaingia, picha ikafifia, na Daudi akakatika katikati ya sauti ya yule bibi kizee. Baba hakugomba. Alisimama tu akiwa ameshika gunia, nasi tukapita chini ya mkono wake mmoja mmoja kama mbuzi wanaotolewa zizini, mimi nikiwemo. Maneno yalisemwa nyumbani. Daudi alisema shule si yake, baba akasema nyumba hii ni ya watoto wanaosoma. Mama alilia akimsihi mume wake, kwa ule msemo wa wazee wetu kwamba mtoto akikunyea mkono huukati. Haikusaidia. Wiki haikuisha, Daudi akadandia lori pamoja na vijana wengine wakaenda Mererani kutafuta bahati machimboni.

Jumapili iliyofuata, tukitoka ibadani, mzee mwenzake alimsalimu baba kama kawaida: "Baba Daudi, habari za nyumbani?" Baba akamjibu kwa upole kabisa, kama anayemwelekeza mtu aliyekosea njia: "Nzuri. Mimi ni Baba Elia." Elia ni mimi. Mzee yule alinitazama, akamtazama baba, akasema, "Haya, Baba Elia." Basi ikawa imepita. Babati ni mji, lakini Bonga ya wakati ule ilikuwa na masikio ya kijiji, na baba alikuwa mtu wa kuheshimiwa; kabla mahindi hayajatoa mbelewele, kila mtu alikuwa ameshajirekebisha. Kipya kinyemi, nami sitasema uongo, nilipolisikia jina langu likiitwa dukani, "Mpimie Mama Elia sukari," lilinipendeza. Lilinipendeza kwa siku chache. Kisha nikaanza kumwangalia mama. Mwanzoni mtu akimwita Mama Elia hakuitika. Ilibidi aitwe tena, ndipo ashtuke na kugeuka. Baadaye akawa anaitika kwa mwito wa pili bila kushtuka. Baadaye zaidi akawa anaitika kwa mwito wa kwanza. Nilimsikiliza akijifunza jina lile kama mtoto anavyojifunza hesabu kwa kuogopa fimbo, na kila alipoitika upesi zaidi nilijisikia nimevaa nguo za mtu ambaye bado yuko uchi.

Wenzangu bombani hawakuniachia. "Steringi mpya huyo!" walisema nikitokea na ndoo. "Si ndiye aliyesema wambadilishe?" Ulikuwa utani wa kitoto, wala hawakujua wanagusa wapi. Bwana Sefu alitafuta kijana mwingine wa kutafsiri, dereva wa bodaboda, ambaye alisoma maandishi kama mtu anayesoma tangazo la mkutano wa kijiji, na yule bibi kizee akapata sauti ya mwanaume mwenye mafua. Niliacha kwenda. Mama aliponiuliza nina nini nilimwambia kichwa kinauma. Ningemwambiaje kwamba naona haya kuwa mimi?

Daudi alirudi msimu wa mbaazi. Ilikuwa asubuhi, jua limeshapanda juu ya mlima Kwaraa, na mimi na mama tulikuwa uani tukizimenya, maganda yametufika magotini. Hatukusikia hodi, maana mtoto habishi hodi kwao. Alikuwa amekonda, mavumbi ya machimbo yamemwingia hata kwenye nyusi, na mkononi ana kitenge na pakiti ya majani ya chai. Mama aliinuka, mbaazi zikamwagika zote, akamshika mabega, akamshika uso, akawa anasema tu, "Baba, baba yangu, umekula?" Nilikuwa sijamwona mama akicheka hivyo tangu lile lori liondoke. Daudi akavuta kigoda akaketi, akanipiga kofi la mgongo, akaniuliza kama yule mtu wa mwavuli amekiona kijiji chao. Nikamwambia bado. Akasema, "Atakiona tu."

Ndipo tukasikia sauti nje ya ua: "Hodi! Mama Elia! Hodi!" Alikuwa Mama Rehema, jirani yetu, mwanamke mwema asiyemtakia mtu baya, amekuja kuazima ungo. Daudi aligeuka kutazama mlango wa ua, kisha akamtazama mama, kama mtu anayetaka kuuliza huyu Mama Elia ni mpangaji mgeni au vipi. Kisha akanitazama mimi. Nikainamisha kichwa, nikaanza kumenya ganda ambalo nilikuwa nimeshalimenya. "Mama Elia, hamjambo humo ndani?" Mama hakuitika. Baada ya miezi yote ile ya kujifunza kuitika, siku hiyo sauti ilimkauka. Na Daudi, ambaye alikuwa ameshaelewa kila kitu, akavuta pumzi akaitika yeye, kwa ile sauti nyembamba ya puani ya bibi kizee wa bandani: "Karibu, mwanangu, Mama Elia yupo!"

Mama Rehema aliingia akicheka, akamwona, kicheko kikakatika. Alijiziba mdomo kwa upindo wa khanga. "Daudi! Umefika lini?" "Sasa hivi, mama. Shikamoo." "Marahaba," alisema, akapewa ungo, akaondoka bila hata kuaga. Nilitamani ardhi ipasuke, na haikupasuka. Daudi akanigeukia, akasema taratibu, "Hongera, mdogo wangu." Nilimtazama nikitafuta kejeli usoni mwake, ili angalau nikasirike, lakini haikuwepo. Alimaanisha. Mchana baba alirudi, wakasalimiana shikamoo na marahaba, tukakaa kula sinia moja. Mama akaleta maji ya kunawa, akasita, akasema, "Baba Elia, maji haya." Daudi alishika kopo akamnawisha baba mikono bila kuinua macho. Neno moja tu la baba lingetosha. Alisubiri mwanawe aombe radhi, mwanawe akasubiri aitwe, na mimi niliyekuwa katikati yao nikasubiri chakula kiishe. Kesho yake Daudi alituaga vizuri, kila mmoja kwa mkono, akarudi Mererani. Huko ndiko alikooa na kuzaa, na hadi leo huja kwetu kama mgeni, siku za misiba na harusi, hulala siku moja.

Siku hizi mimi ni Baba Neema, na banda la Bonga lilishageuzwa kuwa ghala la alizeti. Katuni yetu bado ipo. Neema anaitazama kwenye simu yangu, na mwaka huu kumbe wenye katuni wameamua: mvulana wa mwavuli ametolewa, mwavuli amepewa yule binti mdogo. Kwenye makundi ya simu watu wazima wenye ndevu wanatukanana, wengine wakisema ni haki kila kizazi kiwe na steringi wake, wengine wakisema wameporwa utoto wao. Neema aliniuliza mimi nipo upande gani. Nikakaa naye nikaitazama sehemu yenyewe. Walikuwa wamemfanyia maagano. Vijiji vyote alivyowahi kupita vilikuja kumsindikiza, kila kimoja kikamshukuru kwa jina, yule binti akakataa mwavuli hadi alipobembelezwa, na mvulana mwenyewe ndiye aliyemkabidhi kwa mikono miwili. Neema alifurahi, akasema binti ni mzuri zaidi, anajua kupigana. Mimi nililia mbele ya mtoto wangu, nikasingizia moshi wa jikoni. Mtu wa kuchorwa, asiye na mama wala baba, walimwita wakamwambia kabla ya kumtoa. Kaka yangu aliambiwa na jirani aliyekuja kuazima ungo.

Sikumjibu Neema nipo upande gani. Baba alishatangulia, na nilidhani akishaondoka jina litarudi lenyewe, lakini majina hayarudi yenyewe. Mtaa mzima unamwita mama Mama Elia, na wanaokumbuka jina la kwanza wamebaki wachache. Ningeweza kuanza mimi, mbele ya watu, sebuleni, kanisani, mahali popote. Nimeshajaribu mara kadhaa, neno linafika kwenye meno linarudi. Juzi Daudi alipiga simu kutoka Mererani. Tulisalimiana, tukaulizana watoto, mvua, bei ya mahindi. Kisha akauliza, kwa sauti yake mwenyewe, bila kejeli wala kinyongo: "Na Mama Elia anaendeleaje?"

Nikamwambia, "Mama Elia hajambo, kaka."