Kitanda Kilichoitwa Kirudi

Mimi nilisoma mpaka darasa la pili, nikaona inatosha. Nilicho nacho nimekipata kwa mikono. Baada ya uhuru, wazungu wa Milimani walipoanza kufunga mizigo, mimi nilikuwa mlangoni mwao na mkokoteni kabla wasomi hawajaamka. Nilinunua makabati na meza, nikaviuza sokoni Kibuye, hapa Kisumu. Nani mwingine katika ukoo wetu alikuwa na duka la fanicha? Hakuna.

Kwa memsahibu mmoja nilipata vitanda viwili vya watoto, vyeupe, vya fito, vinafanana kama mapacha. Upande mmoja unashuka na kupanda ili mama asiiname. Kimoja nilikiweka dukani. Cha pili nilimpelekea binti yangu aliyeolewa Katito, alipojifungua mtoto wa kiume baada ya mimba kuharibika mara nyingi. Nilikipandisha mwenyewe juu ya basi. Wakwe walitoka wote kukitazama. Mama mkwe wake alikizunguka, akaupandisha upande ule, akaushusha, akaupandisha tena. "Mtoto wetu atalala kama mtoto wa D.C.," akasema. Siku hiyo nilikunywa chai yao nimenyoosha miguu.

Mama yangu peke yake ndiye hakukipenda. "Mtoto hulala na mama yake," aliniambia. "Hilo ni tenga la kuku."

Mtoto alikuwa ameanza kukaa wakati memsahibu yule, aliyekuwa bado hajasafiri, alipokuja Kibuye na gari lake, akinitafuta.

"Mzee, vile vitanda viko wapi? Kiwanda kinaviita virudi."

"Kitanda kinaitwaje, memsahibu? Ni ng'ombe?"

Hakucheka. Alisukuma kwa goti ubavu wa kile cha dukani, kidogo tu, kama mtoto anayejigeuza. Pembe ya chini ikachomoka kwenye skrubu, na kati ya godoro na fito pakafunguka nafasi. "Mwili unapita," akasema. "Kichwa hakipiti." Watoto wa kwao walikuwa wamekufa hivyo. Alipoondoka nilikipasua kile kitanda kwa shoka, mama wa chai akapata kuni. Halafu nikapanda basi la Katito.

Sasa, kwetu baba wa mke haingii chumba anacholala binti yake na mumewe. Hata nyumba ikiwaka moto utafikiri kwanza. Kwa hiyo nilikaa kwenye kiti cha wageni, koleo na waya mfukoni, na kitanda kiko nyuma ya pazia, karibu hata mkono wangu ungekifikia. Nilimsikia mtoto akigonga fito kwa kijiko.

Niliwaambia wazi. Kitanda kina ubaya, nimekuja kukichukua, nitaleta kingine.

Mama mkwe aliweka kikombe chini. "Mzee, kitanda hutoka nyumbani wakati mwenyewe amekufa. Wetu huyo hapo anapiga kelele. Wewe umekuja kumwitia nini?"

"Simwiti mtoto. Naita kitanda."

"Mwenye kukilalia ni nani?"

Mkwe wangu, kijana wa maneno mengi, akacheka. "Labda bei imepanda Kisumu, Baba."

"Mimi si mwizi wa zawadi yangu," nikamwambia. Nilimpa koleo na ule waya, nikamwonyesha kwa vidole vyangu jinsi ya kuifunga pembe ya chini, azungushe, akaze, azungushe tena. Aliingia, nikasikia koleo likifanya kazi. Kazi hiyo aliifanya, siwezi kumsingizia.

Binti yangu alinisindikiza mpaka barabarani. Nilimwambia amlaze mtoto kwake.

"Baba, mama mkwe huingia kila asubuhi kuangalia kama amelala humo. Wageni wanatoka mpaka Kendu Bay kuja kukitazama."

"Mlaze kwako."

"Ndiyo, Baba." Alisema vile watoto wanavyosema wakijua hawataweza.

Waya ulikaa mpaka walipokuja wageni wa kanisa. Upande ukifungwa haushuki, na kitanda kisichoshuka ni kitanda gani cha kizungu? Mama mkwe aliufungua ili wakione kinavyofanya kazi. Baada ya chai wageni waliondoka, wengine wakaenda shambani. Mtoto alilala humo mchana, mlango wazi, jua linawaka, binti yangu yuko nje anaanua nguo. Hakusikia kitu. Mtoto akibanwa hivyo halii.

Baada ya mazishi mkwe wangu alikileta Kibuye, juu ya lori la mahindi. Yale maneno yake mengi yalikuwa yamekwisha. "Mzee," akasema, "kitanda chako kimerudi." Sasa halikuwa kosa tena kitanda kutoka nyumbani.

Tulikiteremsha pamoja, tukakiweka kando ya barabara. Kabla sijafika ndani kuchukua shoka, mwanamke mwenye mimba kubwa alisimama akaupandisha upande ule, akaushusha.

"Hiki bei gani?"

"Hakiuzwi. Kimeua mtoto."

Alinitazama, akamtazama mkwe wangu aliyekaa juu ya jiwe. "Wacha kuringa, Mzee. Kama umeshamuuzia mtu mwingine, sema tu." Akaenda zake. Nilimwona akisimama vibanda vichache mbele, kwa mwenzangu mmoja ambaye pia hununua Milimani. Naye alikuwa na kitanda kama hicho hicho. Nilimwita yule mama kwa sauti yangu yote. Aligeuka, akanipungia mkono, akaendelea kupatana bei.