Siku Karyeri Ilipofunguliwa

Kila malori yanapomwaga kokoto mpya barabarani, harufu ya jiwe lililopasuliwa, kali kama ya kiberiti, inanirudisha kwenye mlima nyuma ya nyumba yetu.

Serikali ilikuwa inafungua pale karyeri, wachimbe mawe ya kujengea barabara ya Kasumbalesa. Asubuhi ya baruti ya kwanza, baba mmoja mwenye kofia ya manjano alipita nyumba kwa nyumba akituambia twende kiwanja cha mpira, mawe yasitufikie. Kambo, mama yake mama yangu, alikaa kitako mlangoni.

"Mie siende. Ile mulima nilikuta iko pale, itabakia pale."

"Kambo, mabwe itaruka!" nililia, nikimvuta mkono.

"Enda weye. Mie niko muzee."

"Basi na mie nabakia."

Nikakaa kando yake. Aliguna, akainuka na kujifunga kitenge upya.

"Twende, mutoto wa kichwa nguvu."

Tulipofika kiwanjani tu, king'ora kikalia. Ardhi iliruka chini ya nyayo zangu. Ubavu mzima wa mlima ukainuka, ukasimama hewani kama unafikiri, kisha ukaporomoka kwa ngurumo niliyoisikia mpaka kwenye meno. Vumbi jeupe likatufunika. Nilimgeukia kambo, nikiogopa kwamba analia.

Alikuwa anapiga vigelegele, vumbi limejaa kwenye kope.

"Papa!" alimwita yule baba wa kofia ya manjano. "Rudilia tena! Mutoto hakuona muzuri!"