Likizo ya Kumlisha Mama

Mimi mayai ya kuchemsha sili. Wajukuu wamezoea. Wageni ndio hulazimisha, nami huwajibu kwamba nilikula ya kunitosha nikiwa mtoto, huko Lushoto, kwenye likizo ya baba. Wanacheka wakidhani natania.

Tulikuwa bado chini ya Mwingereza. Baba alikuwa karani wa reli Tanga, mtu wa kaptura iliyopigwa pasi mpaka ikakaribia kusimama yenyewe, na likizo yake ikifika alipewa tiketi za kwenda kwao na familia. Kwao ni Usambara, kijiji cha kandokando ya njia ya Mlalo. Mama alikuwa mzaliwa wa Tanga mjini. Milima kwake ilikuwa kitu cha kuonekana kwa mbali siku isiyo na mawingu. Miaka mingine tulipanda wanne. Mwaka ule tulipanda watatu, kwa sababu mdogo wangu wa kiume alikuwa amekufa kwa homa, na mama alikuwa ameacha kula.

Sisemi alikula kidogo. Aliacha. Alikuwa akichovya kipande cha mkate kwenye chai, halafu anakisahau humo humo mpaka kinavimba. Bangili zilianza kumtoka mkononi zenyewe. Daktari akamwambia baba, mbele yangu: huyu hana ugonjwa, ila akiendelea hivi atamfuata mtoto wake. Mpeleke kwenye baridi, mpe chakula bora, na asikumbushwe mambo ya huzuni. Baba akayashika maneno yale kama amri ya bwana mkubwa.

Mimi nilikuwa sisikii kitu. Watu wanadhani mtoto aliyefiwa na mdogo wake hulia tu. Mimi nilikuwa kama mguu uliokaliwa, ukiufinya haujijui. Nilipanda garimoshi nikatazama mikonge hadi Mombo, kisha lori likatupandisha, kona baada ya kona, mpaka Soni na Lushoto. Nilijua ni pazuri kwa sababu safari ya nyuma nilikuwa nimepaona pazuri. Safari ile nilipaona tu.

Sasa, kwa watu wa baba, mfiwa akifika nyumbani haingii kimya kimya. Wanawake humngoja ukingoni mwa ua, wanalia naye hapo, ndipo anapewa kiti. Hata kama maziko yalishapita siku nyingi, kwa wasiokuwepo msiba huwa bado mbichi. Baba alilijua hilo vizuri sana, na ndiyo maana alituma salamu mapema kwa dereva wa lori: tunakuja kupumzika na kujenga afya, asilie mtu, asitoe mtu pole, mtoto asitajwe. Baba ndiye aliyekuwa msomi wa ukoo mzima. Nani angembishia?

Basi tukapokelewa kwa vicheko. Vicheko, jamani! Bibi, mama yake baba, alitabasamu mpaka nikamwonea huruma, maana uso wake haukuzoea kazi hiyo. Nikampa shikamoo yake, akanishika kichwa, akaangalia pembeni. Wanawake wa jirani wakaja na "Onga mshi" zao, na salamu za Kishambaa mnazijua, hazina haraka: habari za njiani, habari za Tanga, habari za kazi. Mmoja, kwa mazoea tu, akauliza, "Watoto hawajambo?"

Mama akasema, "Hawajambo." Nikamwona anameza mate. Siku ile hakumeza kitu kingine.

Kesho yake afya ikaanza. Baba alitaka madirisha yafunguliwe usiku kucha, na kule ukungu huingia ndani na kukaa kitini kama mgeni. Maji yachemshwe hata ya kunawia. Asubuhi maziwa, mayai mawili na peasi au plamu kutoka bustani za Lushoto. Mchana kuku. Jioni supu ya kuku yule yule. Maharage na mahindi ya bibi aliyaita chakula kizito kisichomfaa mgonjwa, akayapiga marufuku kwenye sinia la mama. Bibi, mtu wa zamani, hakuwahi kula yai maishani mwake. Enzi zake mwanamke hali yai. Aliyachemsha huku amegeuza shingo.

Na kutembea! Baba aliwaona Wazungu waliokuja Lushoto kupunga hewa wakitembea na fimbo zao, akaamua ndiyo dawa. Kila asubuhi tulipanda kilima na kushuka, sweta mpaka shingoni, yeye mbele, mama nyuma kama amefungwa kamba. Watu waliokuwa wakilima matuta yao waliinuka kutushangaa.

"Mwaenda wapi?"

"Tunatembea tu."

"Mmepotelewa na mbuzi?"

Kule hakuna mtu anayepanda mlima bila mzigo wala sababu. Siku nyingine mtu angecheka. Baba alijibu kwa adabu na kuongeza mwendo. Hakukaa chini mtu yule. Kama si kilima ni kuni, kama si kuni ni kuziba paa ambalo halikuwa likivuja. Alikula amesimama, sahani mkononi, macho kwenye sinia la mama.

Na sinia la mama lilirudi jikoni tupu. Baba alifurahi mno. Alimwambia bibi, "Umeona? Baridi inafanya kazi." Kumbe baridi ilikuwa mimi. Siku ya kwanza tu, baba alipotoka kufuata maji, mama alinisogezea mayai akasema, "Kula." Hakunikonyeza, hakuninong'oneza, alisema kama anavyoniambia nifunge mlango. Nikala. Nikala na siku ya pili. Maziwa, paja la kuku, supu, peasi, vyote nilivitia tumboni, na ningekula hata majani ya mgomba kama ningepewa, maana yote kwangu yalikuwa mamoja. Hatukuongea. Mara moja tu, nikiwa natafuna, mama alisema akitazama ukutani, "Hawa watu wa baba yako hawamhesabu mwanangu."

Niliendelea kutafuna. Hata leo naweza kukusimulia ukuta ule ulivyokuwa, lakini nilichosikia moyoni siwezi, maana hapakuwa na kitu.

Hasira nilizipata ukubwani. Nikikumbuka hukasirika mpaka natetemeka: nyumba nzima ya watu waliompenda yule mtoto, kila mmoja amefumba mdomo kwa ajili ya afya ya mama, na mama anakauka kwa sababu wamefumba. Wangemtukana ingekuwa nafuu.

Aliyegundua ni bibi, na aligundua kwa vifungo. Gauni langu la kuendea safari lilikataa kufungika mgongoni. Bibi akavuta, akavuta tena, kifungo kikaruka kikaingia jivuni. Akanigeuza. Akanitazama mashavu. Kisha akageuka akamtazama mama, aliyekuwa amekaa kizingitini na kanga imemzunguka kama imetundikwa kwenye kijiti.

"Mayai anakula nani?" akaniuliza polepole.

"Mimi, bibi."

"Na kuku?"

"Mimi."

Nilingoja kofi. Bibi alikiokota kifungo, akakipuliza jivu, akakiweka kwenye pindo la kanga yake. "Mwanangu huyu," akasema, na hakuwa ananisema mimi, "amesoma mpaka amepotea."

Siku hiyo ilikuwa ya soko na baba alikuwa ametoka mapema kwenda Lushoto kutafuta matunda. Bibi akatoka mpaka ukingoni mwa ua, pale palipostahili, akaweka mikono kichwani, akapiga yowe. Mtume! Sijasikia tena sauti kama ile. Alimlilia mdogo wangu kwa jina lake, jua likiwa limesimama juu, kana kwamba mtoto amekata roho asubuhi ile. Kutoka mashambani wanawake waliinuka. Waliacha majembe pale pale kwenye matuta, wakaanza kupanda wakilia, mmoja huku, wawili kule, mpaka ua ukajaa.

Mama aliondoka kizingitini akiwa amekunja uso, kama mtu aliyeamshwa. Akasimama. Bibi akamwendea, akamkumbatia, akamwambia, "Pole, mkwe wangu. Pole sana. Mjukuu wangu ameniacha na hata sikumzika." Wanawake wakamketisha mama chini mkekani, wakakaa naye. Kisha mwanamke mzee kuliko wote akauliza, kama inavyoulizwa kwenye kila msiba, "Ilikuwaje?"

Na mama akasema. Mama ambaye kwa siku zote zile maneno yake yasingejaa kiganja, alianza mwanzo kabisa: mtoto aliamka na joto kidogo, akakataa uji, adhuhuri akaanza kutetemeka, akamfunika, akaita majirani, wakampepea, wakatafuta gari la kumpeleka hospitali, gari likachelewa. Kila hatua wanawake waliitikia, "Eh. Eh, mama." Hawakumkatiza. Alipofika mwisho alirudia tena mwanzo, nao wakaitikia upya, kana kwamba hawajawahi kusikia.

Hapo watu walishaleta vyakula kutoka majumbani, kila mtu alichokuwa nacho mekoni. Mbele ya mama palikuwa na sinia la makande, mahindi na maharage matupu, chakula kizito kile kile kilichopigwa marufuku. Mama alikuwa bado anasimulia. Mkono wake ukaenda wenyewe, ukachota, ukapeleka mdomoni. Akatafuna, akasimulia, akachota tena. Bibi alinitazama kwa jicho la kuniambia nisithubutu kusema kitu. Mama alikula mpaka bibi mwenyewe akamsogezea maji.

Baba akatokea na kikapu chake. Peasi juu, mayai chini kwenye majani makavu. Alisimama pale ukingoni mwa ua, akatuangalia mmoja mmoja. Uso wake ulibadilika rangi.

"Mama, nilisema nini?" akamwambia bibi. "Daktari alisema nini? Mnataka kumuua mke wangu?"

Wanawake wakamwambia pole. Akaitikia, "Asante, tumeshapoa," haraka haraka, kama anayelipa nauli, akataka kupita aende ndani na kikapu chake.

"Baba watoto," mama akamwita. Sauti ilikuwa imekauka kwa kulia, lakini ilikuwa sauti yake. "Kaa."

"Naweka haya mayai."

"Tangu tuzike hujakaa. Kaa chini."

Akakaa. Alikaa vibaya, na ile kaptura yake ya pasi, kikapu bado mapajani. Yule mwanamke mzee, aliyemjua tangu anatambaa, hakujua kwamba kuna jambo la kuepuka. Alifanya tu inavyotakiwa. Akamgeukia na kumuuliza kama alivyomuuliza mama.

"Ilikuwaje, mwanangu?"

Wanawake wakangoja, wamezoea kungoja. Nikamwona baba anakishika kikapu kwa mikono miwili.

"Mimi sikuwepo," akasema. "Mama yake aliniambia mtoto ana joto, nikamwambia litapoa. Nikaenda kazini."

Hakuna aliyeitikia. Baba akainamisha kichwa juu ya mapeasi, mabega yakaanza kumcheza, na hakutoa sauti. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mlango na gauni langu wazi mgongoni. Nilimtazama baba yangu akilia kama nilivyotazama mikonge.

Mama alimwondolea kikapu mapajani akakiweka pembeni. Kisha akachota makande kwa mkono wake, akampelekea mdomoni, akamwambia, "Kula."